Mbwa Hachangiwi

Mtanzania akifariki hapa Uingereza, kikundi chetu cha WhatsApp cha mji wa Reading hupata mweka hazina kabla familia haijafuta machozi. Orodha inaanza kuzunguka: jina, kiasi, na neno "ahadi" kwa wale ambao mshahara haujaingia. Haupiti muda mrefu mwili unasafirishwa kwenda Kilimanjaro au Dar es Salaam. Harusi tunachanga, kipaimara tunachanga, mtu akifiwa nyumbani na hana nauli tunachanga. Hiyo ndiyo bima tuliyozaliwa nayo, na sijaona kampuni inayolipa haraka kuliko akina mama wa kikundi chetu.

Sasa andika humo: "Ndugu zangu, mbwa wangu anapasuliwa kesho, naomba mnishike mkono." Sijaandika na sitaandika. Nakijua kicheko ambacho kingefuata, na baada ya kicheko ukimya, na baada ya ukimya mtu mmoja angenipigia simu pembeni kuniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani. Mbwa hachangiwi. Ni mwanakaya pekee asiyewahusu ukoo, marafiki wala kanisa. Akiugua, uko peke yako na pochi yako.

Kwa hiyo kila ninaposoma ushauri wa Waingereza kuhusu bima ya mbwa, naona wameacha nusu ya hesabu. Wao wanaweka ada ya bima upande mmoja na bili ya daktari upande wa pili, wanajumlisha na kutoa. Kwetu sisi yuko mtu wa tatu: mdogo wako aliyeko chuo, mama anayesubiri dawa za presha, shangazi ambaye paa lake linavuja. Bili ya mbwa ikija ghafla, hao ndio watakaoilipa, tena bila kuambiwa.

Popi alifika kwetu mwaka 2017, Labrador mweusi, bado mtoto, kwa sababu watoto walipiga kura na mimi nikashindwa. Shoga yangu wa Tanga, tuliyefanya naye kazi wodi moja, alipomwona akaniambia papo hapo kwamba kuanzia leo chai tutanywea kwake. Kwa madhehebu yake ya Kiislamu mate ya mbwa ni najisi ya kuosha mara saba, na zulia langu lilikuwa halioshwi hata mara moja. Hatukugombana. Mpaka leo chai tunanywea kwake, na mkate wake wa ufuta ni mzuri kuliko wangu.

Mimi mwenyewe nilikulia Kibosho, kwenye kihamba chenye migomba na kahawa, na mbwa hawakukosekana. Walilala nje karibu na banda la ng'ombe, wakala ugali uliobaki na mchuzi wa dagaa, wakabweka usiku, na siku moja hawakuonekana tena. Bwana mifugo alipita, lakini alikuja kwa ajili ya ng'ombe. Mbwa alikutana na daktari siku ya chanjo ya kichaa tu, nasi watoto tukiwa tumemfunga kamba ya katani na kumburuta mpaka ofisi ya kijiji, yeye akiwa ameng'ang'ania ardhi kwa miguu yote minne. Hiyo ndiyo elimu niliyokuja nayo Ulaya kuhusu matibabu ya mbwa.

Habari za bima tuliyomkatia Popi zilimfikia baba kupitia kwa dada yangu, ambaye hajui kutunza siri. Jumapili nikapiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nasikia mbwa wenu ana bima ya afya."

"Ndiyo, baba."

"Na kadi yake ina picha?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Baba ni mwalimu mstaafu. Alianza kazi miaka mingi kabla ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kuanza kutoa huduma mwaka 2001, na sehemu kubwa ya maisha yake alipougua mtoto aliuza kahawa au aliuza mbuzi. "Ng'ombe ningeelewa," alisema. "Ng'ombe anakupa maziwa, akifa umepata hasara. Mbwa akifa umepata nini? Huzuni?"

Sikuwa na jibu la haraka, na lile swali lilinikaa kwa sababu halikuwa la kijinga hata kidogo. Historia yenyewe iko upande wa baba. Sweden, nchi ambayo leo wenye mbwa wengi kabisa wana bima, ilianza mwaka 1890 kwa farasi na mifugo, mali ya kuzalisha. Mbwa aliingia kwenye daftari mwaka 1924. Uingereza mkataba wa kwanza wa bima ya mnyama wa nyumbani uliuzwa mwaka 1947, mwaka mmoja kabla binadamu wa nchi hii hawajapata NHS, huduma yao ya afya ya taifa. Marekani ilingoja mpaka 1982, na mbwa wa kwanza kukatiwa bima kule alikuwa Lassie, yule wa televisheni, ambaye naye ukimtazama vizuri alikuwa mali ya kuzalisha. Hata kwetu Afrika Mashariki, bima ya mifugo iliyopata sifa ni ile iliyoanza Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2010: setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukame ukizidi mfugaji analipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Baba angeielewa hiyo bila maelezo.

Na kuna hesabu nyingine ambayo baba hakuitaja, lakini mimi niliifanya usiku nikiwa macho. Wakati ule CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii wa nyumbani, ilitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka mzima. Ada ya Popi ilikuwa imepanda ikikaribia pauni 46 kwa mwezi. Ukiibadilisha kuwa shilingi, mwezi mmoja wa Labrador ulizidi mwaka mmoja wa kaya nne za kijijini kwetu. Mtu anayekuambia hesabu hiyo haimgusi, ama hana ndugu ama anadanganya. Mume wangu, ambaye ni mtu wa vitendo, alisema tulipie kwanza watu, ndipo tuzungumze habari za mbwa. Tukawalipia wazazi wa pande zote mbili wasiokuwa na kadi. Mbwa akabaki na swali lake.

Kabla ya kuikata hiyo bima nilikuwa nimekaa na mikataba jikoni kama nilivyokuwa nikikaa na madaftari ya famakolojia nikisomea uuguzi. Hapa zinauzwa kwa namna nne hivi. Ya bei nafuu hulipia ajali tu. Mbwa akigongwa na gari sawa, akiugua kisukari shauri yako. Ya pili hulipia ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipoanza, kisha ugonjwa huo unafutwa kabisa kwenye mkataba. Ya tatu haina saa, ina kikomo cha fedha kwa kila ugonjwa, na fedha zikiisha zimeisha. Ya nne huitwa ya maisha: kila mwaka unapolipia upya, kiwango chote kinarudi upya, hata kwa ugonjwa ule ule.

Kwa mtu anayefanya kazi wodini, tofauti kati ya hizo mbili za katikati na hii ya mwisho ndiyo jambo lenyewe. Magonjwa yanayowamaliza watu hayaji mara moja na kuondoka. Ni yale yanayohamia: kisukari, baridi yabisi, mzio wa ngozi, kifafa. Bima inayolipa mwaka wa kwanza wa kisukari na kukuachia miaka tisa iliyobaki ni mwavuli wa kiangazi. Kama ni kununua, tukasema, tununue ya maisha au tusinunue kabisa.

Halafu kuna yale yanayoandikwa kwa herufi ndogo. Siku 14 za mwanzo, mara nyingi, ugonjwa wowote haulipiwi. Kila dai lina kiasi ambacho unalipa mwenyewe kwanza. Chanjo za kila mwaka, dawa za minyoo na viroboto, kufunga uzazi, hayo yote si ya bima. Tena ukiacha kumchanja au kumkagua meno, kampuni ina haki ya kukukatalia mengine. Na chochote alichowahi kuugua kabla ya mkataba kwa kawaida kimetupwa nje. Siku utakayodai kwa mara ya kwanza wataomba faili lote la mbwa, tangu utotoni, na wataisoma kila sentensi. Daktari akiwahi kuandika kwa bahati mbaya tu kwamba "anajikuna sikio kidogo", hilo sikio litakuja kukusumbua miaka mitatu baadaye.

Tulikata ya maisha. Pauni 38 kwa mwezi mwanzoni, ndani yake ikiwemo kodi ya bima ya asilimia 12 ambayo serikali inachukua bila kumjua mbwa wala mwenye mbwa.

Agosti 2019, Jumamosi, tulikuwa na nyama choma nyuma ya nyumba. Mahindi tulichoma pia, kwa ndimu na pilipili, na mgeni mmoja aliyetoka Leicester alimaliza hindi lake akalirusha gunzi kwenye majani kama ambavyo ningelirusha mimi kwetu. Nyumbani gunzi ni la kuwashia moto au la ng'ombe; nani analiwazia? Popi alilimeza vipande viwili, bila kutafuna, mtoto wangu akimtazama. Tulidhani litatoka.

Gunzi halisagiki. Linakwama kwenye utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo unabanwa, damu haipiti vizuri, na likikaa muda wa kutosha utumbo hutoboka. Jumapili jioni Popi alianza kutapika. Usiku alikuwa anatapika maji matupu na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Kliniki yetu ilikuwa imefungwa. Tukampeleka kwenye hospitali ya dharura ya wanyama, ile inayofunguliwa wengine wanapolala.

Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu sana. Aliuliza jina, umri, uzito, kisha akauliza: "Ana bima?" Swali la kilichomezwa lilikuja baadaye. Eksirei haikuonyesha kitu cha kueleweka, maana gunzi mara nyingi halionekani vizuri humo, wakafanya ultrasaundi na hapo likaonekana, limelala kama kidole. Kisha ikaja karatasi ya makadirio juu ya ubao wa kuandikia. Kumwona daktari usiku. Vipimo vya damu. Eksirei. Ultrasaundi. Dripu. Dawa ya usingizi. Chumba cha upasuaji. Nyuzi. Kulazwa, kwa kila usiku. Dawa za maumivu. Kola ya plastiki. Chini kabisa, VAT ya asilimia 20. Jumla ilikuwa kati ya pauni 3,400 na 4,500, na nusu walitaka kabla kisu hakijagusa ngozi.

Kazini kwangu hapa sijawahi kumwona mgonjwa akipewa karatasi ya namna hiyo. Nilikuwa nimeziona zamani, nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nyumbani: ndugu wamesimama koridoni, karatasi inapita mkono hadi mkono, mmoja anatoka nje kupiga simu, mwingine anaigeuza nyuma kuona kama huko kuna bei nyingine. Sikutegemea kuwa mimi ndiye nitakayesimama koridoni, tena Uingereza, tena kwa ajili ya mbwa.

Na hapa ndipo jibu la baba lilipopatikana, ingawa hakuwepo kulisikia. Fedha tulikuwa nazo. Zilikuwa kwenye akaunti, karibu pauni elfu tatu, na zilikuwa na mwenyewe: ada na malazi ya mdogo wangu aliyekuwa anaingia mwaka wa pili chuoni Dodoma, inayodaiwa Oktoba. Bila ile bima, usiku ule ningekuwa nachagua kati ya mbwa anayenitazama usoni na kijana aliye zaidi ya maili elfu nne mbali ambaye hanioni. Najijua. Watoto wangu wawili walikuwa wamekaa pale kwenye viti vya plastiki, mmoja analia. Ningemlipia mbwa. Kisha ningempigia simu mdogo wangu na kuanza kutafuta maneno.

Kwa hiyo tangu siku ile nasema hivi, na baba nimemwambia: bima ya mbwa siilipi kwa ajili ya mbwa. Nailipa ili ugonjwa wa mbwa usiingie kwenye ada ya mtu. Baba alifikiri kidogo akasema, "Basi ungesema hivyo tangu mwanzo."

Msidhani ilikwenda kama maji. Bima nyingi za wanyama hapa haziilipi hospitali moja kwa moja. Wewe unalipa, halafu unadai. Hospitali zipo zinazokubali kusubiri kampuni, ile haikuwa mojawapo, na usiku wa Jumapili hakuna wa kupokea simu upande wa kampuni. Tuliweka nusu kwenye kadi ya mkopo, Popi akapasuliwa alfajiri, tukalipa nusu nyingine siku ya kumchukua. Jumla ikaishia pauni 3,600 na kidogo. Kampuni ikaomba faili, ikaomba faili tena kwa sababu la kwanza eti lilikosa ukurasa, mwishowe ikalipa, ikiwa imekata kiasi chetu cha kwanza na kola na kile chakula laini cha makopo. Fedha ziliingia Septemba. Ada ilikwenda Dodoma kwa wakati. Mtu asiyekuwa na kadi ya mkopo wala akiba ya kutangulizia angefanyaje, sijui, na ningependa wanaouza bima hizi walitaje hilo kwa herufi kubwa. Kabla ya kusaini, mpigie simu daktari wako na hospitali ya usiku iliyo karibu, waulize kama wanadai kampuni wenyewe. Jibu hilo lina thamani kuliko matangazo yote.

Miaka miwili baadaye Popi alianza kujikuna mpaka manyoya ya tumboni yakaisha. Mzio wa ngozi, ugonjwa usiopona bali hutulizwa. Hapo ndipo aina ya nne ya bima ilipojionyesha: kila mwaka inalipa tena vidonge vile vile. Hata hivyo nilijifunza kumwomba daktari cheti cha dawa na kununua kwenye famasia ya mtandaoni, ambako bei mara nyingi ni ya chini sana, nikaacha kula kiwango cha mwaka bila sababu. Daktari hawezi kukukatalia cheti hicho, anaweza tu kukutoza kwa kukiandika. Watu wengi hawajui.

Bei zenyewe zimekuwa habari ya kitaifa. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilianza kulichunguza soko la madaktari wa wanyama Septemba 2023. Ikakuta kwamba makampuni makubwa sita yanamiliki karibu asilimia 60 ya kliniki, wakati mwaka 2013 makampuni makubwa yalikuwa na kama asilimia 10 tu; na kwamba bei zilipanda kwa asilimia 63 kati ya 2016 na 2023. Daktari wako wa mtaani mwenye jina lake mlangoni huenda aliuza zamani na jina likaachwa ukutani. Sisemi ni wezi. Waliomhudumia Popi usiku ule walikuwa wazuri, na yule mpasuaji alikuwa hajala tangu mchana. Lakini bima na bei hupandishana: mwenye bima hukubali kipimo ambacho asiye na bima angekiuliza maswali, kliniki inazoea, mwaka unaofuata ada inapanda. Mimi nimekataa mara kadhaa. Walipotaka kumpeleka kwa bingwa wa ngozi aliye kilomita nyingi, kwa vipimo ambavyo visingebadilisha kidonge anachokunywa, nilisema hapana, ingawa kampuni ingelipa. Kuwa na bima si sababu ya kumpitisha mnyama asiyeweza kusema kwenye kila mashine iliyopo.

Jirani yetu, mama mstaafu, aliumizwa na kipengele kimoja ambacho tangu hapo nakitafuta kwanza. Mbwa wake alikatika kano ya goti la nyuma, la kushoto. Alikuwa hana bima, akalipa maelfu kwa akiba yake ya uzeeni, kisha akakata bima haraka ili asipatwe tena. Mwaka haujaisha goti la kulia nalo likakatika, jambo ambalo kwa mbwa wakubwa ni la kawaida. Kampuni ikakataa. Mkataba ulisema viungo vilivyo viwili viwili huhesabiwa kuwa kimoja: goti moja likiwa na historia, la pili nalo lina historia. Aliuliza kama ana haki ya kulalamika. Anayo, kuna msuluhishi wa huduma za fedha ambaye hapokei hata senti kutoka kwa mteja, lakini kipengele kilikuwa kimeandikwa waziwazi na saini ilikuwa yake.

Wapo wanaosema weka pauni 50 kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni, uwe kampuni yako mwenyewe. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye tayari ana pauni elfu tano zilizolala bila kazi, na kwa mtu huyo ningesema hivyo hivyo, kwa sababu kwa wastani kampuni lazima ipate zaidi ya inacholipa, isingekuwepo. Hesabu zetu wenyewe zinathibitisha: tangu 2017 tumelipa kama pauni elfu moja zaidi ya tulizorudishiwa. Lakini Popi angemeza gunzi lake mwaka wa kwanza, akaunti ingekuwa na pauni mia chache. Na kuna jambo ambalo Mwingereza anayetoa ushauri huo halijui: akaunti ya Mtanzania yenye fedha ambazo hazina kazi haifiki Januari. Mtu ataugua, shule zitafunguliwa, bati litang'olewa na upepo. Fedha iliyoko kwa kampuni ya bima ina sifa moja kubwa, kwamba siwezi kuitoa nikiombwa.

Kwa wasiojiweza hapa zipo hospitali za hisani. Maria Dickin alifungua kliniki ya bure kwa wanyama wa maskini Whitechapel, London, mwaka 1917, na shirika lake la PDSA bado linahudumia wanaopokea misaada ya serikali. Sisi wenye mishahara ya kati hatumo. Ni sisi hasa ambao bima hizi zilitengenezewa: wenye cha kupoteza, wasio na cha kutosha.

Kitu kingine ambacho watu wa kwetu hawakipi uzito ni dhima. Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971 inaweza kukubebesha gharama mbwa wako akimwangusha mwendesha baiskeli, hata kama hukufanya kosa. Mikataba mingi ya mbwa ina kifungu cha kulipa watu wa nje. Ukiamua kutokata bima ya matibabu, angalau jiunge na Dogs Trust, ambao uanachama wao wa ada ndogo ya mwaka hukukinga kwa hilo peke yake.

Wanaonisoma wakiwa Moshi, Nairobi au Dar watauliza kama haya yanawahusu. Kwa sehemu kubwa, hapana. Kinachowaua mbwa wa nyumbani ni parvo, homa za kupe na kichaa, na kinga zake hazihitaji kampuni: chanjo, josho, na mtu wa kukumbuka tarehe. Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa, na asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa ugonjwa hukosa pa kupita. Baba nilimtumia fedha za kuchanja wake wawili. Aliwapeleka, ingawa aliniambia waliburutwa vile vile.

Popi sasa ana mvi mdomoni. Ada imefika pauni 104 kwa mwezi, na tangu alipotimiza miaka minane tunalipa asilimia 20 ya kila bili juu ya kile kiasi cha kwanza. Kuhama kampuni hatuwezi. Mzio wake ungekuwa ugonjwa wa zamani kwa kila kampuni mpya. Mwaka huu tulikaa tena mezani, na kwa kuwa mdogo wangu amemaliza chuo na ana kazi, swali lilikuwa jepesi kuliko zamani. Tumelipia mwaka mmoja zaidi. Ikipita pauni 130 tutaacha, na tumeshakubaliana, watoto wakiwemo, ni matibabu gani tutayakubali kwa mbwa mzee na yapi hatutayataka.

Wewe unayekwenda kumchukua mtoto wa mbwa wiki ijayo, na huna elfu tano zisizo na mwenyewe: kata ya maisha, na uikate kabla hajaonana na daktari kwa mara ya kwanza. Chochote kitakachoandikwa kwenye faili siku hiyo, kama bima haijaanza, huenda kisilipiwe kamwe.